Mkono Alioushusha Koku

Jumamosi usiku

Sijui kama tulishinda au tulipewa.

Ilikuwa fainali ya netiboli, sisi wa Ualimu na wenzetu wa Biashara. Magoli sawa, refa anatazama saa. Nikapokea mpira chini ya goli. Mlinzi wao ni Kokugonza, ninayekaa naye chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza. Hata mazoezini hajawahi kuniacha nirushe bila mkono wake kuniziba macho. Leo aliushusha. Nikafunga.

Wenzangu walinibeba juu juu. Kocha akaniambia nimeingia timu ya chuo. Nilikuwa nacheka, huku macho yanamtafuta Koku.

Nilimkuta chumbani anakunja jezi.

"Koku, uliniachia?"

"Nilichoka, Nshoma. Hongera."

"Wewe huwa huchoki."

"Basi karudishe hiyo nafasi." Akapanda kitandani, akageukia ukutani.

Ni kweli alishuka meli ya Bukoba asubuhi hii hii, akitoka msibani. Lakini pia wiki iliyopita nilimlilia kwamba nikiikosa timu mwaka huu naacha kucheza. Sasa nishike lipi?

Jioni, bafuni, wasichana wa Biashara walikuwa wanamwita msaliti. Nilifunga bomba, nikatoka kimya. Hilo ndilo linaloniuma.

Kama alichoka, wanamtukana bure. Kama aliniachia, anatukanwa kwa ajili yangu. Vyovyote vile nilipaswa kufungua mdomo, na sikufungua.