Amina Mwishoni mwa Santuri

Memphis, Tennessee
6 Julai 1952

Mpendwa Baba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa na pamba imepona baada ya mvua ile. Mimi sijambo, nakula na kunenepa, na kila Jumapili niko kanisani kabla kengele haijalia. Shangazi Lutie mwambie mapichi yake ya chupa hayakumaliza wiki.

Kazi ya kupiga pasi bado naifanya. Wala sijasahau ulichoniambia kwenye kituo cha basi: nikithubutu kuwaimbia watu wa densi, nisiitikie tena kanisani unapotupa mstari wa wimbo na waumini wakaudaka. Miaka miwili sasa maneno hayo yamenikaa kooni.

Nina habari ya msichana mmoja ninayempigia pasi magauni. Jina lake la jukwaani ni Fern Delacey, na anaimba huu muziki mpya wanaouita ridhimu na bluzi. Santuri yake ya kwanza ilidoda. Bwana Kessler mwenye studio alimwambia kazi ya mwanamke ni nyimbo za polepole za kumlilia mwanamume, zile za kuchangamka awaachie wanaume. Fern akalia kama alivyoagizwa, na hakuna aliyelia naye.

Mwezi wa Machi akarudi na wimbo wake mwenyewe, wa mwanamke anayemcheka mumewe aliyejifungia ndani kwa kumwogopa mama mkwe. Bendi ikauharibu mara saba, hadi ikabaki sahani tupu moja tu ya kurekodia. Hapo Fern akavua viatu, akawaambia waweke karatasi zao chini: yeye atatupa mstari, nao waudake, kama unavyofanya wewe na kanisa. Hosea Grubbs, mpiga piano, akamuuliza, “Dada, tumekuja kurekodi au kubatizwa?” Fern akamjibu, “Vyote viwili, na wewe ndiye utakayezama kwanza.” Wakaangua kicheko, na ndani ya kicheko hicho wakaanza.

Baba, ungewasikia! Akitupa mstari, saksafoni inaudaka, ngoma inaujibu, Hosea anapiga kelele kama mama wa benchi la mbele kanisani. Fern alifurahi hata akajisahau, na wimbo ulipokwisha akasema kwa sauti, Amina. Bwana Kessler akashika kichwa. Lakini sahani ilikuwa ya mwisho, basi Amina ikabaki humo humo, na sasa inasikika kwenye kila mashine ya santuri kutoka hapa hadi Chicago. Hakuna mwanamke wa mji huu aliyewahi kutamba hivyo kwa wimbo wa kuchangamka. Watu wanacheza huku wakisubiri mwisho, waitamke pamoja naye.

Dada Ozella ameniandikia kwamba na wewe umeisikia, kwa kinyozi Tyree. Anasema mguu wako ulikuwa unagonga sakafu, na ilipofika Amina ukainua kichwa na sabuni yako shavuni, ukamwamuru Tyree airudie. Kisha ukawaambia wote, “Huyo mtoto kalelewa kanisani. Angekuwa wangu ningemchapa kwanza, halafu ningemwambia aimbe tena.”

Tafuta fimbo, Baba. Ni wako. Magauni ninayopiga pasi ni yangu mwenyewe. Ozella usimkasirikie, nilimwapisha asiseme. Nimekudanganya miaka miwili, na kwa hilo naomba radhi kwa moyo wote. Lakini kuimba sijuti, maana sijawahi kufurahi kama siku ile niliposimama pale bila viatu, nikiwafanyia wale vijana yale niliyokuona ukiyafanya tangu niko mdogo.

Jumapili ya tatu ya Agosti, wote tuliohama tunaporudi kula pamoja uani kwa kanisa, nitakuja. Nitakaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Ukitupa mstari wa kwanza nitafunga mdomo, kama ulivyoniamuru. Ukitaka niitikie, kabla ya mstari wa pili angalia nyuma. Basi, angalia tu.

Wasalimie wote wanaoniulizia, na Tyree mwambie asiichakaze santuri yangu.

Binti yako akupendaye sana,
Verlene

Amina.