Tulipiga Bila Selo

Alhamisi, 27 Aprili 1972

Mazoezi mabaya. Mkono wa kushoto mzito, alto yangu, ile violoni kubwa kidogo, inakoroma. Anselme, violoni ya kwanza, anaacha kupiga. Anashusha violoni yake na kungoja. Afadhali angenigombeza. Aloys, mwenye selo, ile kubwa ya sauti nzito, ndiye alinicheka: Léocadie, eti sisi wawili ni miguu ya meza, hakuna mutu anaitazama.

Concert ni Jumamosi ya wiki ijayo, kwa Madame Adélaïde, mwalimu wetu — ile stoo ya zamani ya kahawa aliyoipaka chokaa. Viti arobaini tu. Mutu wa mbele anaweza kugusa magoti yangu. Naogopa.

Jumapili, 30 Aprili

Jana risasi. Redio inasema waasi wameshambulia kusini, na hapa mjini pia. Couvre-feu: usiku hakuna kutoka nje. Zaidi ya hapo hatuambiwi. Campus, wavulana wanasimama wawili wawili, wanaongea Kirundi cha chini. Nikipita, wanatawanyika.

Jumatano, 3 Mei

Wamemchukua Aloys.

Saa nne asubuhi, darasani. Askari wawili na karatasi. Wakasoma majina sita. Jovithe, violoni ya pili, alikuwa amekaa naye benchi moja. Anasema Aloys alifunga kalamu yake, akauliza kama aende kuchukua koti. Wakamwambia apana, haitahitajika.

Hakuna anayesema, lakini kila mutu anajua. Majina yote sita ni ya Wahutu. Anselme ni Muhutu. Jovithe ni Mututsi. Mi ni Mukongomani, tulikimbia kutoka Bukavu na mama. Karatasi ile hainihusu. Naandika hivyo na naona haya.

Alhamisi, 4 Mei

Anselme ametoka campus. Yuko mtaa wa Kamenge, kwa Pascaline, mama yake mdogo, muuza sabuni. Tunajua mi na Jovithe tu.

Madame alitaka kufuta concert. Akapigiwa simu, hasemi na nani: iendelee, ila mchana, watu waone mji umetulia.

Kwenye mazoezi nikamwambia Anselme avuke mpaka, aende Uvira, upande wa kwetu, kaka yangu atampokea.

“Mi sijafanya kitu, Léo. Mutu akikimbia amejishitaki mwenyewe.”

Jovithe alikuwa anatazama viatu vyake. “Kimbia tu,” akasema. “Hawaulizi umefanya nini.”

“Jina langu liko kwenye programu. Nisipofika, si wataanza kunitafuta? Nitavuka Jumapili.”

Jumamosi, 6 Mei

Tumepiga. Saa nane mchana, viti vyote vimejaa. Wake za wakubwa wamevaa vizuri, maofisa kadhaa, Wazungu wachache. Hatukuwa na karatasi za muziki wa watu watatu. Tukapiga ule ule wa wanne, bila selo.

Sijui niandike vipi. Ni kama kutembea ndani ya nyumba ambayo sakafu imetolewa. Mahali pengine nilivutavuta nyuzi za chini kumsaidia Aloys, haikutosha. Kisha sehemu ya pili, pale selo inapopiga peke yake, mistari miwili. Tukainua pinde juu, tukahesabu. Nilimwona Anselme anahesabu kwa midomo. Mwanamke wa mbele akakohoa. Tukaingia tena wote watatu, sawasawa. Hatujawahi kuingia sawasawa hivyo.

Wakapiga makofi. Wengine walisimama.

Ofisa mmoja mwembamba, mwenye miwani, akaja kutushukuru. Alisema amependa hasa zile nafasi za kimya. Mutunzi alikuwa na akili nyingi, alisema. Jovithe akamjibu ndiyo, ofisa.

Jumapili, 7 Mei

Hakuvuka. Daraja la kwenda Uvira limejaa askari, wanaangalia vitambulisho kimoja kimoja. Anselme anasema angoje siku mbili tatu.

Jumanne, 9 Mei

Niandike kama ilivyokuwa.

Asubuhi nilikuwa peke yangu ukumbini, napanga viti. Yule ofisa wa miwani akaingia. Alivua kofia. Swahili yake nzuri kuliko yangu. Akasema mukubwa wake ana wageni nyumbani, mtaa wa Kinindo, Alhamisi. Wanamtaka violoni ya kwanza.

“Kijana kama yule anafaa kulindwa siku hizi,” akasema. “We unaelewa. Anakaa wapi?”

Nilielewa. Nilidhani nimeelewa. Nikawaza: wakimsikia, hawatamgusa. Mukubwa akimpenda, nani atasoma jina lake? Hata nilifurahi. Nilifurahi, niandike na hiyo.

“Kamenge,” nikasema. “Kwa Pascaline wa sabuni, nyuma ya kanisa.”

Akashukuru. Akanisaidia kusogeza viti viwili.

Saa sita nikamwambia Jovithe. Akakaa chini, kwenye saruji.

“Léo. Umemwambia?”

“Alisema wamlinde.”

Hakunigombeza. Alichukua baiskeli akaenda upande wa Kamenge. Karibu na couvre-feu akarudi: barabara imefungwa, wamemrudisha.

Jumatano, 10 Mei

Saa tatu. Niko ukumbini, chumba cha juu, dirishani. Jovithe ameondoka tena, kwa njia ya Carama, anataka kuzunguka. Madame yuko chini, anajaribu simu. Haishiki.

Labda Anselme yuko Kinindo tayari. Wageni ni kesho, lazima ajizoeze, achague vipande. Nyumba za kule ni kubwa, watampa chumba. Labda wamempa na chakula. Atakuja kunicheka.

Saa tano kasoro. Jovithe bado.

Kama wamemchukua kwa ajili ya muziki, basi amekwenda na violoni. Hiyo ni wazi. Hakuna mutu anamwita mupigaji bila chombo chake.

Geti limefunguliwa. Ni mwanamke, yuko peku. Pascaline. Amebeba kitu mikononi, amekifunga ndani ya kitenge kama mutoto. Anamuulizia Madame. Madame ametoka, amekifunua kidogo upande mmoja, akakifunika haraka.

Ni sanduku la violoni ya Anselme.

Sasa Pascaline anauliza kitu kingine. Madame anakaza fundo la kitenge. Anauliza tena, namsikia mpaka huku juu: Léocadie ni nani hapa, yule ambaye askari walisema amewaelekeza? Madame ameinua mkono, anaonyesha dirisha —