Mudomo yangu na maki ya Prof Anselme

Alhamisi, mvua tangu asubuhi. Matope ya Saio, kartie yetu ya Bunia, imefika mpaka ku mulango yangu, na roho yangu iko mubaya kupita matope. Leo siandiki juu ya kufurahisha mutu.

Nitaanza na watu wenye ninazarau kidogo, kisha nitafika kwa ule mwenye ninazarau sana.

Mwenye hajue: mutoto yangu Dorcas anasoma sixième, klasi ya mwisho ya sekondari, section math-physique. Alipoteza miaka mbili wakati tulikimbia vita ya Fataki. Mwaka jana alifanya egzameni ya Leta, ile ya serikali ya kumaliza sekondari, akaanguka. Sasa iko na miaka 21, anakaa ku banc moja na watoto wenye wanamuita "mama ya klasi". Kaka yangu wa Mongbwalu ndiye analipaka shule, na alisema wazi ku telefone: mwaka huu akianguka tena, aende kule kusaidia muke yake kuuza chakula ku karyeri, ku mashimo ya zahabu. Karyeri ninaijua. Mutoto muke akifika pale, mambo ya algèbre imeisha.

Basi nilitafuta repetiteur, mutu wa kuja nyumbani kurudilia na mutoto masomo ya hesabu na fizike. Unafikiri Bunia inakosa marepetiteur? Wamejaa. Kila mutu mwenye vita ilimukuta na diplome mu mufuko amekuwa repetiteur, na hata wale wenye ilikuta mufuko tupu.

Wa kwanza alikuwa Ingénieur Trésor. Ingénieur ya nini, mpaka leo hakuna mwenye anajua. Alikuja saa saba ya jua kali na kravate, na stylo tatu mu mufuko ya shati, mbili hazina wino. Mimi ni mushonaji, ninaangaliaka mifuko. Mu masomo sikufika mbali, nilikomea deuxième secondaire, lakini niko na egzameni yangu mwenyewe. Nilimuambia hivi: iko mama moja, kiuno yake ni santimetre 66, anataka sketi ya mviringo. Tundu ya kiuno nitaikata na rayon gani, tangu katikati mpaka ku ukingo?

Alifungua daftari, akaandika pi, akaandika mistari tano, akakohoa, akajibu: vingt et un, 21.

Vingt et un! Mu ile sketi wangeingia wamama wawili. Mutu hawezi kutenga rayon na diamètre, anataka kupeleka mutoto yangu mbele ya Leta. Nilimupa chai, alikunywa, alikwenda. Kesho yake nikasikia amepata kazi kwa Mama Solange, bibi ya chef wa avenue, mukubwa wa mutaa yetu, kufundisha kijana wake. Sikushangaa. Debe tupu haikosi kelele, na kelele ndiyo Mama Solange anapenda.

Wa pili hata jina yake sitaandika. Alimuambia Dorcas asijichokeshe na kuhesabu, juu ku egzameni kila ulizo iko na majibu tano, na jibu ya kweli ni ile yenye iko murefu. Ati ni siri ya Kinshasa. Nilimuonyesha mulango na mukasi yangu ya kukatia vitambaa. Hakungoja chai.

Wa tatu alikuwa Prof Anselme.

Nilimuona ku mulango nikafikiri anaomba maji. Sandali ya pneu ya gari, lineti yake ya macho imefungwa na waya ku sikio moja, harufu ya moshi ya kuni mu koti. Alifundisha hesabu miaka mingi ku shule moja ya Djugu, mpaka siku shule ilichomwa. Sasa anaishi mu kambi ya wakimbizi, mu kibanda ya bashi, ile turubai, na bibi yake na wajukuu. Nilimupa ulizo yangu ya sketi akiwa wima, sikumupa hata kiti. Hakufungua daftari. Alisema: 10 na nusu, lakini weye kata 10 tu, mama, juu ku biais, mahali inakatwa mushazari, kitambaa itajivuta.

Nilikasirika, juu ilikuwa kweli. Ile ya biais hata wafundi wenyewe wanasahauka.

Nilimupa kazi, lakini sikuacha kumuzarau. Na hapa niseme kitu yenye sijasema mbele ya mutu. Mimi nilikimbia ku barabara moja na watu wa ile kambi, juma moja nao, na mashini yangu ya kushona ku kichwa. Bahati yangu ni ile mashini. Ilinilipia vyumba viwili mu Saio, na tangu siku ile ninaimbia avenue nzima kama mimi siyo mutu wa kambi. Basi Prof akiingia kwangu na ile harufu ya moshi, nilikuwa ninafungua dirisha, yeye akiona.

Na unajua alianza na nini? Fraksio. Mutoto wa sixième, section math-physique, anafundishwa fraksio! Moja juu ya mbili, tatu juu ya ine, juma mbili mizima. Nilimuambia siku moja, mbele ya Dorcas, kama sikumuita kufundisha primaire. Prof alifuta lineti yake na shati, akaendelea na tatu juu ya ine. Ni Dorcas alinifuata ku jikoni na machozi. Alisema: mama, nyamaza. Alisema tangu primaire hajawahi kuelewa fraksio, alikuwa anakopiaka ya jirani, na huyu muzee alijua siku ya kwanza bila kumuuliza.

Kumbe miaka yote nilikuwa ninashonea uniforme mutoto mwenye anakopia.

Tangu pale mambo iligeuka. Mwezi wa tatu Dorcas hakukopia tena. Mwezi wa ine, wale wenye walimuita mama ya klasi walianza kukuja kwangu kumuuliza mazoezi. Ndipo Prof alisema: imebakia juma tano, tufanye maki.

Mwenye alisoma mu Congo anajua maki. Egzameni ikikaribia, wanafunzi wanakusanyika mu nyumba moja, wanalala pale, wanakula pale, wanasoma mpaka siku ya mwisho. Wazazi wanaleta muhogo na makaa. Wakubwa wetu waliita hivyo, siye pia, watoto wetu pia: kuingia maki. Tulipanga wabinti sita, Dorcas ndani yao, mu chumba yangu ya mbele, Prof akuje kila asubuhi. Nilisukuma mashini ku kona. Nilisikia raha, na raha yangu iko na kasoro moja: haikaake mu tumbo, inatokeaka ku mudomo.

Siku ya kwanza ya maki, ku robine, bomba ya maji ya avenue, nilikuta Mama Solange ku mulolongo ya bidon. Alianza kusifu Ingénieur wake, ati kijana yake sasa anaongea Kifaransa cha hesabu. Ningenyamaza ilikuwa nini? Nilikamata bidon yangu, nikainua sauti, robine nzima ikasikia: "Ya kwangu Prof wa kambi anaingiza watoto maki juma hii. Wako sita tayari. Ya kwako watabakia kuangalia tu."

Nilirudia nyumbani nikitembea kama mutu mwenye aliolewa leo.

Sasa sikiliza. Mama Solange hakuona mulango ya sekondari. Hii maki ya wanafunzi haijue. Anajua ile ingine, ile ya pori, ya watu wenye bunduki, ile yenye ilitukimbiza siye wote. Yeye alisikia: muzee wa kambi, wa Djugu, anaingiza watoto wa watu ku pori, sita tayari. Alipeleka kwa bwana yake. Bwana yake, mwenye anajuaka kuandika barua ya kushtaki tu, aliandika.

Jana asubuhi askari walimukamata Prof mu njia, akikuja kwangu. Mu mufuko yake walikuta liste ya majina sita. Walikuta daftari ya fizike pia. Na mu daftari alikuwa amechora nini? Jiwe inatupwa juu: mustari unapanda, mustari unashuka, angle, vitesse, ni kusema mbio yake, mahali yenye itaangukia. Ku juu ameandika na herufi kubwa: PROJECTILE.

Leo asubuhi nilikwenda ku biro ya askari na Dorcas, mu mvua. Komanda alitukalisha murefu. Kisha alituonyesha ile daftari, ameikamata kichwa chini, na akauliza huu muzinga unapiga wapi, ku uwanja wa ndege ao ku kanisa. Ningecheka, lakini walikuwa wanatoa Prof ku kasho, chumba yao ya kufungia watu. Lineti haina kioo moja. Koti ni ya maji, alilala chini. Alinisalimia: "Jambo, mama." Kama kila siku.

Nilieleza maki. Nilieleza mara tatu. Nilisema watu wamesikia mubaya. Nilisema avenue iko na wajinga. Komanda alisema kila mutu wanafunga iko na mama wa kumusemea. Prof aliniachia mimi kusema. Mutu wa kambi anajua kama mbele ya meza kama ile maneno yake inamupunguza tu.

Ni Dorcas alisimama. Hakuomba ruhusa. Alikamata daftari, akaigeuza kichwa juu, akasema hii ni jiwe, inatupwa na vitesse ya mètre 20 mu segonde, angle ya 45, na mimi nitakuambia inaanguka wapi. Akaomba karatasi. Komanda alimupa nyuma ya barua moja, nafikiri ilikuwa barua ya chef wa avenue yenyewe. Mutoto yangu aliinama pale, na maji inatoka mu nywele zake, akahesabu. Nilimuona anafika ku fraksio moja, anaikata juu na chini bila kusita, anaendelea. Aliandika 40, akapiga mustari chini, akasukuma karatasi kwa komanda.

Prof aliangalia ku bega ya Dorcas, na ile jicho moja ya lineti.

"Quarante nini? Quarante mbuzi?"

"Mètres, Prof," Dorcas alijibu, na akaongeza neno ku karatasi.

Komanda alicheka mpaka alifuta macho. Alisema mu sixième yake prof alikuwa anawauliza vile vile, quarante mbuzi, quarante kuku. Basi yeye alijua maki siku zote! Alisoma, aliingia maki kama watu wote, na aliacha muzee alale chini juu ya barua ya mujinga. Nilimuangalia na macho yangu yote. Alimuachilia Prof, lakini alikataza watu kukusanyika mu nyumba yangu. Na wazazi wa wale wabinti tano walishatuma habari tangu jana: watoto wao hawatakuja tena.

Inje, chini ya paa ya biro, Prof alituambia polepole kama ku Saio yeye harudie tena. Mutu wa kambi akikamatwa mara moja, mara ya pili hawamuulize. Dorcas akitaka, akuje kwake mu kambi, kila siku saa mbili, na kiti yake, juu kule hakuna kiti. Dorcas alisema ndiyo kabla sijafungua mudomo.

Mu njia ya kurudia, Dorcas alimutukana Mama Solange tangu biro mpaka nyumbani. Muongo, mutu wa wivu, alitunga neno yote. Mimi nilikuwa ninaitika. Nilisema ndiyo, mutoto yangu. Nilisema wivu ni mubaya. Mama Solange, mwenye alirudilia tu kile nilisema, kila neno, bila kuongeza hata moja.

Basi ule mwenye ninazarau sana ni huyu mwenye anaandika. Mudomo iliponza kichwa, wazee walisema, lakini mudomo yangu ilikuwa na akili kuwashinda: iliponza kichwa ya mwingine. Mutu alimupa mutoto yangu fraksio, mimi nilimupa kasho. Na nilifanya vile juu ya nini? Juu ya kushinda mama moja ku mulolongo ya bidon.

Prof hakuuliza nani alisema. Ku biro, wakati nilikuwa ninaeleza, aliniangalia mara moja tu, kisha akaangalia chini. Anajua. Mutu mwenye aliona fraksio ya Dorcas siku ya kwanza atakosa kuona ya kwangu?

Nimekata kitambaa ya koti yenye mama moja hakurudia kuchukua. Nitamushonea Prof koti kavu. Lakini koti siyo jibu, najua. Ni ile tabia ya Ingénieur ya kuandika mistari tano juu ya kukimbia ulizo.

Mvua imepunguza. Dorcas amefuta kiti na ameiweka karibu na mulango. Kesho saa mbili yeye atabeba daftari, mimi nitabeba kiti, na tutapita ku robine watu wote wakiona tunaenda kambi. Nikifika, mbele ya Prof na mbele ya mutoto yangu, nitasema: ni mimi nilisema.

Ni maneno tatu tu. Ku robine sikuhesabu hata moja.