Chai ya Ayeeyo ya saa kumi

Bilan,

Nimekwenda Masalani, nitarudi kesho. Saa kumi mchemshie ayeeyo chai yake: mchaichai, tangawizi, na iliki tatu uziponde kwanza. Majani ya chai usitie. Wala usimwonjee mpaka ikaisha, nakujua!

Leo asubuhi mvuke wa chai hiyo ulipojaa chumbani, alifumbua macho akaniuliza, "Raho, mwanangu, umekula?" Mama yangu mwenyewe, mwaka mzima ananiita mgeni. Nikasimama na kijiko mkononi kama niko ndotoni, nyumba nzima inanukia utoto wangu. Nikamjibu, "Bado, hooyo." Akatabasamu, akalala tena.

~~Akiniulizia, mwambie nimetoka kidogo.~~

Akinitaja jina, nipigie simu hapo hapo, umwekee sikioni. Hata nikiwa katikati ya mto nitapokea.

Mama yako