Rimu Iliyogongwa Siku ya Likizo

Kitongoji cha Kwemhina,
Zirai,
2 Machi 2025

Kwa mke mwenzangu Eliza,

Hujambo mwanamke? Baridi ya Lushoto haijakumaliza? Sisi hapa wazima, tunadunda. Mdogo wako Tatu ameota jino jipya la mbele, limekaa upande upande kama linataka kuhama. Mume wetu Ernest mzima, ila goti. Goti lenyewe ukilituma kuni linauma, ukiliita kula linapona. Mama yenu alikuja mwisho wa mwezi kutoka kwenye kazi yake ya kuchuma chai huko Bulwa, anakusalimu sana.

Naandika barua kwa sababu simu yangu ilitumbukia kwenye sufuria la uji wa shule ninaoupika. Usicheke. Watoto tisini na sita waliunywa uji ule na hakuna aliyelalamika. Heri wa bodaboda ataishusha barua hii Muheza, aikabidhi basi la Lushoto, baba yako mdogo Fanueli ataipokea stendi.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita alikuja mkaguzi kuangalia kama shule yetu shikizi inafaa kusajiliwa iwe shule kamili. Unajua mwenyewe ilivyo: hapa mwisho darasa la tatu. Baada ya hapo mtoto atembee saa mbili kupita msitu na mto mpaka shule mama, au ahame nyumbani kama ulivyohama wewe. Na Tatu yuko la tatu. Tusiposajiliwa mwaka huu, Januari naye anafunga kibegi chake. Nyumba nzima nitabaki mimi na goti la Ernest.

Mkaguzi mwenyewe kijana, anaitwa Mansuri. Amekuja na viatu vyenye ncha, na mvua ilikuwa imenyesha! Pale kwenye kona ya migomba akateleza, akakaa chini mzima mzima. Nikamwambia, "Pole baba, lakini hivyo viatu vya harusini, huku watu huja na buti." Hakucheka. Alihesabu matundu ya vyoo, akapata manne. Alihesabu madarasa, akaona la tatu halina bati. Akasema, "Mama, hapa bado sana. Narudi mwezi wa tano." Nikamjibu arudi hata kesho. Hasira tu hizo.

Tumekaa kikao. Likizo fupi ya mwisho wa mwezi huu, watoto wakishafunga, ni msaragambo: kila kaya itoe mtu, bati zipande na matundu mawili mengine yachimbwe. Wewe uko shule kubwa, hebu waulize walimu wako, hawa watu wakija wanatafuta nini hasa? Na wewe likizo unakuja?

Ni mimi,
Bibi yako, mke mkubwa,
Evodia


Lushoto,
14 Machi 2025

Kwa Bibi mpendwa,

Shikamoo Bibi. Babu naye mwambie shikamoo, na goti lake nalipa pole. Mimi mke mdogo sijambo. Baba mdogo na mama mdogo hawajambo. Habari ya simu nilicheka mpaka mama mdogo akaja kuuliza kama nimepaliwa.

Shule inaendelea. Darasa la sita B tuko sabini na wanne, dawati moja tunakaa wanne, wa pembeni anaandika mguu mmoja uko nje. Ijumaa tunabeba samadi ya bustani ya kabichi, na mimi nakaa mbali na Alen kwa sababu anatikisa debe makusudi. Jumatatu tunaanza mtihani wa nusu muhula. Tukifungua baada ya likizo, kila mwanafunzi arudi na fagio mbili. Kishambaa changu bado kinawachekesha, wanasema cha huko kwetu kimepinda. Nawaambia chao ndicho kimepinda.

Likizo siji, Bibi. Baba mdogo anasema masika yakikata barabara ya kupanda Zirai nitakwama, na shule zitafunguliwa bila mimi. Niliuma midomo lakini ni kweli.

Nimemuuliza Mwalimu Secilia, wa Kiswahili. Anasema wanaangalia vyoo, mahali pa kunawa mikono na daftari la mahudhurio. Lakini mkaguzi mzuri anaangalia zaidi kama watoto wanasoma. Anamnyooshea kidole mtoto yeyote, anampa kitu, "Haya, soma." Akisoma, mengine yanasameheka.

Na tafadhali Bibi, nakuomba, yule Bwana Mansuri akija usimwambie tena habari za viatu vya harusini. Nakujua, ukimshika mtu humwachii. Mchekee tu, hata kama anaudhi kama jiwe kwenye wali.

Kuna kitu sijawahi kukuambia. Nilipoletwa huku nilikuwa na miaka tisa, kama Tatu sasa. Mwezi mzima nilikuwa naamka nikidhani nimesikia rimu yetu, ile kengele ya shule, ikigongwa. Nililia chooni ili mama mdogo asinione, maana ananipenda na si kosa lake. Lakini mtoto wa miaka tisa bado anataka kulala na bibi yake. Tatu asije huku, Bibi. Fanyeni mfanyavyo, Tatu asije huku.

Ni mimi mjukuu wako,
Eliza


Kwemhina,
6 Aprili 2025

Kwa mke mwenzangu Eliza,

Salamu nyingi, na afya njema nakuombea kila siku kabla sijajiombea mwenyewe. Sisi wazima. Kaa chini kwanza. Umekaa? Haya.

Barua yako niliisoma, nikaifunga kwenye pindo la kanga. Sikuiweka kabatini. Ilinichoma. Nikaenda kwenye msaragambo na hasira zangu, nikabeba mchanga mpaka Juma mwenyekiti wa kitongoji akaniambia, "Mama Evodia, tuachie na sisi." Jumatano bati zikawa zimepanda. Vyoo viwili vimechimbwa, vimejengwa, milango tu bado.

Alhamisi tukapumzika, watu wakaenda kwenye iliki zao. Mimi nikapita shuleni kufagia vumbi la saruji. Saa tatu asubuhi nasikia pikipiki. Nani? Mansuri! Mwezi wa nne, siku ya likizo! Na safari hii amevaa buti, Eliza. Buti jipya la mpira linang'aa. Nikajiuma ulimi. Nilikumbuka maneno yako, nikacheka na meno yote niliyobakiwa nayo.

Akanisalimia shikamoo, nikaitikia. Akasema orodha ya shule za kusajiliwa imewahishwa, inaondoka wiki hii, kwa hiyo ni leo au mpaka mwaka ujao. "Watoto wako wapi?"

"Likizo, baba."

"Mwalimu Issa?"

"Ameenda kwao Tanga kula Idi."

"Vitabu?"

"Kabatini. Ufunguo uko Tanga."

Akashusha pumzi. "Sasa Mama, mimi nitaandika nini? Nimekuta mama mmoja na fagio?"

Akilini nikamwona Tatu wetu akiondoka na kibegi chake. Nikachukua nondo nikaigonga ile rimu ya lori. Nikaigonga kwelikweli, mpaka mkono ukafa ganzi.

Unajua huku rimu ikilia nje ya saa za shule maana yake nini. Ni msiba au moto. Basi, haukupita muda, bonde zima likajaa watu. Wanaume wamekuja na majembe tayari kwa kaburi. Wanawake wamejifunga kanga kiunoni, wengine wameshaanza kulia na hawajui wanamlilia nani. "Nani? Nani kafa?" Na mume wetu Ernest alikimbia. Alikimbia, nimemwona kwa macho yangu haya! Amempita Juma kwenye mteremko. Kuanzia siku hiyo kuni ni zake.

Nikapanda juu ya jiwe. "Hajafa mtu! Shule ndiyo inataka kufa, na daktari wake ndiye huyu hapa. Watoto, darasani!"

Wee! Waliingia na matope yao, na nguo za shamba, mmoja ameshika kuku. Mwalimu Jenoveva, yule binti wa kujitolea, alitoka kwenye iliki na kikapu mgongoni, akakitua mlangoni na kuanza kuita majina kwa kichwa bila daftari. Tisini na wanne walikuwepo. Wawili wako Muheza kwa shangazi yao. Wazazi wakajipanga madirishani.

Mansuri akatazama, akanyoosha kidole. "Wewe mwenye jino. Soma."

Tatu akasimama. Asome nini, na vitabu vimefungiwa? "Chochote," akasema Mansuri. Mimi kwa haraka yangu nikafungua pindo la kanga nikampa barua yako. Nilisahau kabisa kilichomo. Mungu wangu!

Akaanza kwa sauti ya kanisani. Shikamoo ya Babu na goti lake, watu wakacheka. Samadi, wakacheka. Halafu nikasikia, "Na tafadhali Bibi, nakuomba, yule Bwana Mansuri akija…" Nikamkonyeza. Nikakohoa. Tatu amefundishwa kutua kwenye mkato, akatua, akavuta pumzi, akaendelea. Viatu vya harusini vikasomwa. Jiwe kwenye wali likasomwa. Juma aligeuka kutazama milima. Mansuri aliinamia buti lake, masikio yamekuwa mekundu kama pilipili.

Kisha akafika pale pako. Eliza mjukuu wangu, hakuna aliyekohoa tena. Tatu hakuwa akijua kwamba ulikuwa unalia. Sauti ilipungua lakini hakuacha, alifuata neno kwa neno kwa kidole. Alipofika kwenye jina lake alinitazama, akasoma mpaka mwisho: "Tatu asije huku."

Mansuri akauliza polepole, "Tatu ni nani?"

"Ni mimi," akasema.

Mansuri aliandika muda mrefu. Akaenda vyooni, na kwa kuwa milango miwili ilikuwa haijafika nilikuwa nimetundika kanga zangu, akazifunua kwa adabu, akahesabu sita. Akatazama ndoo za kunawia mikono. Wakati wa kuondoka akaniambia, "Bibi, siahidi kitu." Safari hii aliniita Bibi. Alipofika kona ya migomba alipita bila kuteleza, akageuka, akaninyanyulia mguu mmoja nilione buti.

Hatujui zaidi ya hapo. Mimi usiniulize, kila nikisikia pikipiki natoka nje kutazama.

Bibi yako,
Evodia


Lushoto,
19 Aprili 2025

Kwa Bibi,

Shikamoo Bibi! Hamjambo wote? Mimi sijambo lakini nilikuwa karibu kufa kwa aibu. Barua yangu! Mbele ya kitongoji kizima! Mbele ya Juma na kuku! Nilijifunika shuka nikalia, nikacheka, nikalia tena. Mama mdogo aliisoma, akanikumbatia, na siku hizi ananiita nikalale naye baba mdogo akisafiri.

Mtihani nimekuwa wa tatu. Mwalimu Secilia amenifanya niisome barua yako darasani, na sasa watu sabini na watatu kila asubuhi wananiuliza, "Vipi, imesajiliwa?" Hata Alen ameacha kutikisa debe.

Tatu amenikasirikia? Sikumwambia ukweli miaka yote hii. Nilikuwa nikija likizo namdanganya kwamba Lushoto ni raha tupu. Mwambie anisamehe. Na mwambie alisoma vizuri kuliko mimi nilipokuwa la tatu.

Mjukuu wako,
Eliza


Kwemhina,
29 Agosti 2025

Kwa mke mwenzangu Eliza,

Hujambo mama? Sisi hatujambo, na leo hatujambo kuliko siku zote. Ulipokuja likizo ya mwezi wa sita tulingoja pamoja, hakuna habari, ukaondoka umenuna. Mimi nilikupungia mkono nikicheka, halafu nikaenda jikoni nikalia. Leo naweza kusema.

Jana shule imefunga likizo fupi. Watoto wametawanyika, nasugua sufuria, saa nane mchana. Heri akaja na bahasha ya halmashauri. Mwalimu Issa akaifungua. Akasoma. Nikamwambia soma tena. Akasoma tena. Nikamnyang'anya nikasoma mwenyewe, nikaona muhuri, nikaona jina letu: Shule ya Msingi Kwemhina. Imesajiliwa! Januari darasa la nne linaanza, hapa hapa.

Sikumwomba mtu ruhusa. Nikashika nondo nikagonga rimu.

Bonde likajaa tena. Majembe tena, kanga viunoni tena, vilio tena. "Nani kafa? Mama Evodia, nani kafa?"

Nikapanda kwenye jiwe langu. "Hajafa mtu, jamani! Kumezaliwa!"

"Kumezaliwa nani?"

"Shule!"

Vigelegele vilivyopigwa, nadhani mama yenu alivisikia Bulwa. Jenoveva alikaa chini akalia kama mtoto. Ernest alicheza, nikalitazama goti nikasema sawa, nimekuandika. Kisha Juma akainua jembe lake. "Sasa nyie, tumekuja na majembe ya kaburi. Tutarudi nayo makavu?" Wakatazamana. Mwalimu Issa akapima kwa hatua zake, kamba ikavutwa, wakaanza kuchimba msingi wa chumba cha darasa la tano, maana Tatu hawezi kukaa la nne milele. Mpaka jua linazama ulikuwa umefika magotini. Leo wanarudi, nami napika uji.

Wewe hutasoma hapa, nalijua hilo, na linaniuma. Umepita mbele, shule imekuja nyuma yako. Lakini ni barua yako iliyosomwa, mjukuu wangu. Kila mtu hapa anajua.

Nampisha mwenzangu, ananivuta kalamu.

Bibi yako,
Evodia

Dada Eliza shikamoo. Mimi ni Tatu. Sijakasirika. Nilikasirika siku mbili tu. Kitanda chako ninalalia mimi lakini ukija nitakupisha, au tulale wote na Bibi. Begi nililokuwa niende nalo huko Bibi ametilia mahindi ya mbegu. Ukija Desemba utanifundisha hesabu za la nne. Rimu nitaigonga mimi Januari, Mwalimu Issa amesema, na nitaigonga saa mbili kamili ili watu wasikimbie.

Mdogo wako,
Tatu