Vipuri Vinavyopotea Uani kwa Baba Mkwe

Jumamosi, 3 Mei

Kipuri cha kwanza kimepotea leo. Na mimi ndiye niliyekishika mwisho.

Nianze mwanzo, maana mke wangu anasema nikieleza jambo naanzia katikati kama mtu aliyeamshwa. Baba mkwe amekubali kuhamia kwetu. Amekubali! Ni baada ya kuanguka bafuni mara mbili, na mara ya pili kulala sakafuni hadi mchana, jirani aliposikia mtu anagonga ndoo. Lakini ana sharti lake. Atahama siku pikipiki yake itakapowaka, na ataondoka juu yake, amekaa nyuma yangu. Kwenye pikapu hapandi. Yeye si godoro. Tena asione kipuri cha feki — orijino, au hatoki.

Pikipiki yenyewe ni ya silinda moja, ina umri kama wangu na afya kama yangu. Ndiyo aliyokagulia mabomba ya maji miaka yote ya kazi, na imelala bandani tangu alipostaafu. Mimi ni muuza rangi. Nikichanganya krimu, mteja anatoka analengwalengwa na machozi. Pikipiki nimejifunza kwa kutazama video. Lakini mbele ya mke nilivimba kifua: Jumamosi mbili tu!

Leo nikafungua kabureta. Kila kitu nikakipanga kwenye sinia kwa utaratibu niliokitolea. Mzee kwenye kiti chake pembeni, koti mwilini na jua lote hilo, ananisifia. Nikaenda kunawa mikono. Kurudi — boya halipo! Kile kikopo cha shaba kinachoelea ndani ya petroli. Si kitu cha kupeperushwa na upepo. Tumechekecha mchanga wa uani kwa chekeche la unga. Mzee mwenyewe alinishikia tochi, mchana kweupe. Labda umelikanyaga, mkwe wangu, akasema, una mguu mzito.

Nimemwambia mke. Amecheka mpaka akakaa. Kanikumbusha siku niliyotafuta miwani nyumba nzima nikiwa nimeivaa.

Jumatano, 7 Mei

Nimetoka kwa Fundi Miwani, muuza vipuri vya pikipiki za zamani. Kibanda kimejaa makopo ya maziwa, kila kopo na ukoo wake: nati, springi, plagi za zamani. Hatoi kipuri mpaka umweleze kinakwenda kwa nani, kama baba anayeozesha binti.

Boya alilonalo lilikuwa limetoboka. Tundu lenyewe halionekani kwa macho. Akalizamisha kwenye maji ya moto, tukainama wote wawili tukingoja — kiputo kimoja, halafu kingine, palepale. Akatia alama, akalikausha, akaziba kwa tone la lehemu dogo kuliko punje ya mtama. Likizidi tone, boya linazama, alisema. Na wewe bosi, usije ukaliacha ovyo tena.

Nimelifunga kwenye leso. Njia nzima nalitikisa sikioni kama lina petroli ndani. Abiria mwenzangu akaniuliza kama ni dawa ya masikio.

Jumamosi, 10 Mei

Boya limekaa! Nilishangilia kama aliyefunga goli. Mzee akapiga makofi mawili, basi.

Kisha nikageukia upande wa umeme. Platini — vile vidomo viwili vinavyogusana na kuachana ili plagi ipate cheche — nikazifungua, nikazipiga msasa, nikazitia ndani ya kiberiti, kiberiti nikakiweka dirishani. Safari hii ujanja! Mzee akaniomba nimshushie sanduku juu ya kabati. Nikamshushia. Kurudi, kiberiti kipo. Kimefungwa vizuri. Tupu.

Nimeanza kujiogopa. Hivi ndivyo inavyoanza? Marehemu baba yangu alianza na funguo, akaja akasahau na majina yetu.

Lakini lililonitisha zaidi si hilo. Tukiwa tunatafuta nikasikia harufu. Sufuria ya chai jikoni imekauka, imekuwa nyeusi tii, mpini umeanza kuyeyuka. Mzee akasema ni mimi niliyeibandika. Mimi! Jikoni humo sijatia mguu leo. Sikubisha. Nikaikwangua, ikakataa, nikaisukumia nyuma ya ndoo ili binti yake asiione.

Jumapili, 11 Mei

Ameiona.

Hakupiga kelele — bora angepiga. Kaja nayo nyumbani ndani ya mkoba, kaiweka mezani mbele yangu, kwenye kitambaa cheupe. Ulijua? Nikasema nilijua kidogo. Kujua kidogo ndiyo kukoje, baba watoto? 

Akasema Jumamosi ya tarehe 24 ndiyo mwisho. Iwake isiwake, pikapu inakwenda. Akampigia baba yake papo hapo. Mzee akajibu, basi mnibebe na kitanda, mtanikuta nimekishikilia, kisha akakata simu. Mke akaingia jikoni, akafungua bomba la maji ili nisisikie. Nimesikia.

Chumba atakachokaa mzee nilikwisha kukipaka rangi. Krimu, mikono mitatu. Leo nimekaa humo peke yangu kidogo. Kizuri. Kinanukia duka.

Alhamisi, 15 Mei

Miwani amepata platini, orijino, bado zina grisi ya kiwandani. Hakunipa mara moja. Alinitazama juu ya miwani.

— Bosi, nafungua pikipiki tangu sina mvi. Vipuri vinapotea, ndiyo. Springi inaruka, nati inaviringika. Lakini platini itoke kwenye kiberiti, halafu ifunge kiberiti nyuma yake?

Akataka kujua uani tunakuwa wangapi. Wawili tu, nikasema, mimi na baba mkwe, mtu mzima na heshima zake.

— Ahaa, akasema. Akaendelea kupangusa.

Nilikasirika kwa niaba ya mzee mpaka kituoni. Ndani ya basi hasira ikaisha. Kilichobaki si hasira.

Jumamosi, 17 Mei

Nimeona kwa macho yangu. Afadhali ningekuwa mimi ninayesahau!

Platini nimezifunga. Plagi inatoa cheche — ya buluu, safi! Nikasema nikisha kurudishia sindano, kile kijiti kinachopima petroli, kwenye kabureta leo hii tunawasha. Nikachukua kioo cha pembeni nikakipangusa, mgongo nimempa yeye. Ndani ya kioo nikaona mkono. Mkono uleule unaotetemeka mpaka kikombe kinamwagika. Haukutetemeka hata chembe. Ukaenda kwenye sinia, ukachagua sindano kati ya vikorokoro vyote, ukarudi na kuzama kwenye mfuko wa koti. Halafu mzee akaanza kuimba kwa pua.

Nikaendelea kupangusa. Kioo kile sasa kinang'aa kuliko nyota.

Nilipogeuka akanitangulia: Mkwe wangu, mbona kama kuna kitu kimepungua hapo? Na uso mkavu!

Nikasema, kweli Baba, sindano. Tukaitafuta. Wote wawili. Akaniongoza tutafute na chini ya kuku wa jirani.

Mke alipouliza jioni, nimemwambia nimeipoteza. Hakucheka safari hii. Amesema anadhani nahitaji kupimwa.

Jumatatu, 19 Mei

Mteja alitaka kijani cha mlango, nimempa buluu. Hajarudi bado. Atarudi.

Nikimwambia mke, pikapu inakwenda kesho, na mzee ataaibika mbele ya mwanawe wa kumzaa. Mwizi wa vipuri vyake mwenyewe! Hatanitazama tena usoni. Nisipomwambia, na mzee akaanguka tena — nani alijua? Nilijua. Wala si kidogo.

Simu yoyote ikilia dukani naidaka kabla haijalia mara ya pili. Leo imelia mara nyingi. Wote walitaka rangi.

Jumatano, 21 Mei

Jirani wa mzee kapiga simu. Mzee kajikwaa kizingiti cha mlango wa nyuma. Amechanika juu ya nyusi, wameshona. Anasema mlango ndio uliompiga.

Mke kashinda naye. Mzee kamwambia asihangaike, pikipiki imebaki sindano tu, tatizo ni mumeo.

Jumamosi, 24 Mei

Naandika nikiwa uani kwa mzee, juu ya kreti la soda. Mikono ina grisi, karatasi imechafuka, potelea mbali. Nikikaa bure nitafanya jambo la kijinga. Nadhani nimeshalifanya.

Nimefika mapema, peke yangu. Mke na pikapu watafuata, nilimwomba anipe asubuhi hii. Mfukoni nina sindano nyingine ya Miwani. Aliniuliza inakwenda kwa nani. Nikamwambia inakwenda kwa yuleyule. Akanipa.

Mzee alikuwa kwenye kiti, plasta juu ya jicho. Nilikuwa nimepanga maneno tangu barabarani. Yakapotea kama vipuri. Nikaitoa sindano nikaiweka kwenye sinia, mbele yake, nikabaki nimemkazia macho. Sikwenda kunawa mikono. Sikugeuka.

Akaitazama sindano. Akanitazama mimi.

— Umeniona lini?

— Kwenye kioo, Baba. Wiki iliyopita.

— Na hukusema?

— Sikusema.

Akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Akaniambia nimfuate mpaka ndani. Tukapita ukumbini, yeye mbele, mkono haugusi ukuta, taa hatujawasha. Hatua kumi kuelekea jikoni, nane kuelekea chooni, akasema, hapa macho nayabeba tu kama mzigo. Huyu mwanangu anadhani naanguka kwa sababu niko huku. Kwenu nitaanguka mara ngapi mpaka nijue choo kiko wapi? Nitakuwa naita mtu. Mimi! Nilikagua mabomba ya mji mzima gizani.

Nikamwambia, Baba, sufuria iliungua. Akaingia chumbani kwake, akakaa kitandani. Nikamwambia, jicho hilo. Akaigusa plasta. Halafu akasema, na sauti ilikuwa ndogo, sijui hata niiandikeje: najua, mkwe. Unadhani sijui?

Akainama chini ya mto akatoa kifurushi cha flana. Boya. Platini. Sindano. Vyote vimesafishwa, vimepakwa mafuta, kila kimoja kimefungwa kitambaa chake. Mimi sijawahi kusafisha kitu namna hiyo maishani. Akanikabidhi vyote kwa mikono miwili.

— Haya. Kaiwashe. Nisije nikakuvunjia ndoa bure.

Nilidhani nitafurahi.

Tukarudi uani. Sindano ya zamani aliitia yeye mwenyewe kwenye kabureta, kwa kupapasa, mara moja ikaingia. Mimi nikarudishia platini zake za zamani na kabureta, nikafunga bomba la petroli, waya, kila kitu. Ikabaki skrubu moja tu, ile fupi inayobana platini zisilegee. Ukitia skrubu hiyo, ukapiga kiki, pikipiki inawaka. Nina hakika, na mimi si mtu wa kuwa na hakika.

Pikapu ikapiga honi nje.

Mke akaingia na maboksi, akambusu baba yake kwenye plasta, akaingia ndani kukunja nguo. Nikamsikia anafungua kabati. Akachungulia dirishani: baba watoto, imebaki nini?

Nikasema skrubu. Imenidondoka, naitafuta.

Haikudondoka. Sijui mkono wangu uliniuliza lini. Skrubu iko kwenye mfuko wa suruali, kushoto.

Akasema, Mungu wangu, mume huyu! — na akacheka, kwa mara ya kwanza tangu ile sufuria. Amesema atatupa mpaka amalize kukunja, basi. Nguo za mzee si nyingi. Namsikia anahesabu mashati. Anapangusa pua. Na mimi nilimtazama baba yake, nikatarajia — sijui nini. Shukrani? Ushirika wa wezi?

Hakunikonyeza. Alinitazama mfuko, akanitazama usoni, kwa muda mrefu, kama anayekagua bomba linalovuja mahali asipopaona. Kisha akashika mkono wa kiti, akajishusha polepole, goti moja, goti la pili, hadi mchangani. Sasa anatafuta. Anapapasa chini ya gurudumu, chini ya kreti langu, anachambua kokoto moja moja, skrubu anayojua haimo. Plasta imeanza kulowa.

Nimemnong'oneza, Baba, inuka.

— Tafuta na wewe, anasema. Mbona umekaa?

Mke yuko dirishani na shati mkononi. Baba! anaita. Baba, unafanya nini huko chini? Utaanguka! Na wewe unaandika nini hapo, mbona humwinui baba?

Mkono mmoja unaandika. Mwingine umeshika skrubu, imepata moto. Mzee hainuki. Mke ameacha dirisha, nasikia viatu vyake ukumbini, anakuja —