Askari Hatoki Nyumbani Peke Yake

Ngagara, Bujumbura

Mume wangu Idrisa,

Assalamu alaykum. Kifua cha mama kimetulia? Na wewe unakula, au bado ni chai na mkate kutwa nzima? Mimi mzima, nashona sare za shule mpaka mgongo unalalamika.

Najua unasubiri jibu. Uliniuliza kama uje huku, maadamu mama anahamia kwa wifi, nami nikanyamaza wiki tatu. Kwenye simu najifanya nimezoea kukaa peke yangu. Ngoja kwanza nikusimulie ulivyoniaibisha.

Jumamosi kulikuwa na mashindano ya sataranji kule Rohero, nikajiandikisha. Ukumbi kimya, saa mezani, mbele yangu mzee mmoja wa forodha aliyevaa tai. Nikapewa upande mweupe. Mkono ukaenda wenyewe: nikasogeza askari wa mfalme hatua moja, na askari wa malkia hatua moja, nikabonyeza saa. Ndivyo tulivyoanza kila jioni pale kwetu Tabora.

Mzee akamwita mwamuzi, naye akaja akaniambia:

"Apana, mama. Mutu anatembeza moja tu. Ulishika uyu kwanza, basi ni uyu ataenda. Uyu mwingine arudie."

"Kwetu hutoka wawili," nikasema.

Mzee akacheka. "Uo ufunguzi mi sijauona ata siku moja! Ni wa nani?"

Nikasema ni wa mume wangu. Watu wakageuka kunitazama. Idrisa, miaka sita uliniambia hiyo ni sheria ya dunia nzima: "Askari hatoki nyumbani peke yake." Muongo mkubwa wewe!

Mzee akaongezewa dakika mbili, nami nikamrudisha yule askari wa pili. Basi mchezo ukanishinda. Macho yangu yalikuwa kwake tu, amebaki palepale, na mwenzake yuko mbele peke yake. Sikumgusa tena mpaka nikafungwa. Nikatoka nje nikalia kama mtoto. Nimekukumbuka, Idrisa, mpaka nakuonea hasira.

Jibu ni hili: njoo. Sijazoea, na sitaki kuzoea. Chumba ni kidogo lakini meza inaingia. Beba ubao wetu, na kile kizibo cha soda tulichokiweka mahali pa farasi aliyepotea. Tutacheza kwa sheria yako ya uongo.

Msalimie mama, na wifi yangu anayempokea, na jirani yetu fundi viatu aliyekuwa akikuunga mkono ulipoiba mchezoni.

Ni mimi mkeo, niliyetoka peke yangu,

Zaituni